Kutoka Kizuizini Katika Meru na Embu: Masharti na Matokeo Yake

Kutolewa kizuizini ni jambo moja, na kuwa huru ni jambo jingine. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa na Gavana Sir Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952 na kuondolewa tarehe 12 Januari 1960, watu wengi wa Meru na Embu waliachiliwa kutoka makambi huku wameshika karatasi mkononi. Wengi walidhani ya kuwa karatasi ile ndiyo mwisho wa safari. Kumbe iliwatoa katika ulinzi wa askari jela na kuwaingiza katika ulinzi wa chifu, hedimani na jirani zao wenyewe. Ulinzi huo wa pili ulikuwa na masharti yake, na aliyetaka kuishi kwa amani ilimpasa ayajue, ingawa si yote yaliyokuwa yameandikwa mahali ambapo angeweza kuyasoma.

MFUNGWA NA MZUILIWA

Kwanza yafaa kufahamu tofauti kati ya mfungwa na mtu aliyezuiliwa. Mfungwa alishtakiwa mbele ya hakimu, mashahidi wakasikiwa, naye akapewa kifungo cha miezi au miaka iliyohesabiwa. Mzuiliwa hakuhukumiwa na mtu. Alishikwa kwa amri iliyotiwa sahihi na Gavana, au na ofisa aliyekabidhiwa mamlaka hayo chini ya Kanuni za Hali ya Hatari, na amri yenyewe haikutaja siku ya kutoka. Mwishoni mwa mwaka 1954, baada ya msako mkubwa wa Nairobi ulioanza tarehe 24 Aprili mwaka ule, watu waliokuwa makambini walizidi 70,000. Wala mfungwa hakuwa na hakika ya mwisho wake. Wengi waliofungwa kwa makosa ya Mau Mau, kifungo chao kilipokwisha, waliandikiwa amri ya kuzuiliwa na kupelekwa kambini badala ya kwenda nyumbani.

Tofauti hiyo ndiyo iliyofanya majaribio ya mtu aliyetoka kizuizini yawe ya namna ya peke yake. Kenya ilikuwa tayari na sheria ya kuwaweka wakosaji katika majaribio, iliyotungwa mwaka 1943. Kwa sheria hiyo, hakimu akiona ya kuwa mkosaji anafaa kupewa nafasi ya kujirekebisha, humweka chini ya ofisa wa probesheni badala ya kumtia gerezani. Hakimu hana budi kumweleza kwa maneno mepesi maana ya amri ile, na kwamba akiivunja atahukumiwa kwa kosa lake la kwanza. Tena ni lazima mtu mwenyewe akubali. Muda haupungui miezi 6 wala hauzidi miaka 3. Siku ya mwisho ikifika na mtu hana kosa jipya, hapana wa kumdai kitu.

Mtu aliyetoka Manyani au Mwea hakuwa na hata moja katika hayo. Hapakuwa na hakimu wa kumweleza, wala ofisa aliyefunzwa kazi ya kumsaidia, wala siku ya mwisho. Na kwa kuwa hakuhukumiwa tangu awali, akivunja sharti hapakuwa na kosa la kwanza la kurudia. Palikuwa na amri nyingine tu ya kizuizi, inayoweza kuandikwa mezani bila kesi.

NJIA YA KURUDI

Wazuiliwa waligawanywa kwa rangi. Walioitwa weupe walihesabiwa kuwa hawana hatari, wa kijivu walikuwa wanachunguzwa, na weusi walikuwa wale waliokataa kukiri kiapo au kufanya kazi. Mtu alipoonekana kubadilika alisogezwa kutoka kambi kubwa, kama Manyani au Mackinnon Road, hadi kambi ya kazi iliyo karibu na kwao. Maofisa waliufananisha mpango huo na bomba la maji: unaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Bomba lenyewe, hata hivyo, lilikuwa na koki mwishoni, na koki hiyo ilishikwa na watu wa nyumbani.

Maana kabla mtu hajaachiliwa, jina lake lilipelekwa wilayani kwao. Chifu na wazee waliulizwa kama wako tayari kumpokea. Wakikubali, alifika kambi ya kazi ya wilaya, akachimba barabara au matuta huku akitazamwa, kisha akaenda kijijini kwake. Wakikataa, alibaki. Si haki kusema ya kuwa kila chifu aliyekataa alikuwa na nia mbaya. Katika lokesheni nyingi za Embu na Meru walikuwako wajane na mayatima wa watu waliouawa na Mau Mau, na chifu aliogopa kisasi cha pande zote mbili. Lakini ni kweli vile vile ya kuwa jirani aliyekuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba alipewa nafasi ya kutoa ushuhuda juu ya adui yake, naye mshtakiwa hakuwapo kujibu. Mahakama yoyote ingemkataa shahidi wa namna hiyo.

Mwea ilikuwa wakati ule sehemu ya Wilaya ya Embu (imo katika Kirinyaga tangu 1963), na makambi yake, kama Thiba, Kandongu na Gathigiriri, yalikuwa mlango mkubwa wa kutokea. Wazuiliwa walichimba mifereji ya mashamba ya mpunga ambayo wali wake unaliwa nchi nzima hata leo. Tangu mwaka 1957, chini ya ofisa Terence Gavaghan, wale waliofikishwa Mwea wakiwa bado wanakataa walilazimishwa kwa nguvu na mapigo hadi wakubali amri na kukiri. Kwa njia hiyo hesabu ya wazuiliwa ilipungua upesi. Lakini ungamo lililotolewa kwa kipigo lilimfuata mtu hadi kwao. Ndani yake mlikuwamo majina ya waliomlisha kiapo na waliokula pamoja naye, na baadhi ya watu hao sasa walikuwa majirani zake katika kijiji kimoja. Aliyesema alichukiwa, asiyesema hakutoka.

Wale ambao hawakutakiwa kwao waliwekewa mahali mbali, Hola kwenye Mto Tana, pafanywe makao yao ya kudumu. Huko, tarehe 3 Machi 1959, wazuiliwa 11 walipigwa hadi kufa. Tangazo la kwanza la Serikali lilisema ya kuwa walikufa baada ya kunywa maji kutoka gari la maji. Ukweli ulipojulikana, Bunge la Uingereza lilijadili jambo hilo kwa uchungu, na tangu hapo kufungwa kwa makambi kuliharakishwa.

MASHARTI YA KIJIJINI

Aliyerudi hakukuta nyumba yake pale alipoiacha. Tangu katikati ya mwaka 1954 watu wa Kikuyu na Embu, na wengi wa Meru, walikuwa wamehamishwa kutoka vilima vyao na kukusanywa katika vijiji vyenye ulinzi. Mpango huo ulifanana na ule wa Malaya, ambako Waingereza walikuwa wamekusanya watu katika vijiji vipya tangu 1950. Ofisa aliyesimamia kazi ya kuwarekebisha wazuiliwa, Thomas Askwith, alisafiri hadi Malaya mwaka 1953 kujionea. Katika maandishi yake mtu aliyeachiliwa alikuwa apate msaada wa kuanza maisha upya kijijini kwao. Wazo lilikuwa jema, bali fedha zilikuwa chache na waliolitaka wachache zaidi.

Sharti la kwanza lilikuwa kukaa mahali pamoja. Mtu aliandikwa katika kijiji fulani, akajulisha chifu au hedimani kuwapo kwake kila alipotakiwa, na usiku hakutoka nje baada ya saa iliyowekwa. La pili lilikuwa kazi ya umoja: kuchimba matuta, kutengeneza njia, kufyeka kando ya msitu wa Mlima Kenya. Kazi hizo hazikuwa na ujira, na kukosa kulihesabiwa kuwa uasi. La tatu lilikuwa pasi. Mkikuyu, Membu au Mmeru hakuweza kusafiri nje ya wilaya yake pasipo kibali, na alitakiwa kuwa na kitabu chake cha pasi kilichoandikwa habari za kazi zake. Wazee waliokumbuka kipande cha shingoni walisema ya kuwa kimerudi kwa jina jingine.

Fikiri sasa mtu wa Tigania au Igembe ambaye kabla ya kushikwa alikuwa akipeleka miraa sokoni Isiolo, au mtu wa Ndia aliyekuwa karani Nairobi. Kila safari ilianzia kwa chifu. Bila neno jema la chifu hapakuwa na pasi, na bila pasi hapakuwa na kazi wala biashara. Kodi, hata hivyo, ilidaiwa kama kawaida. Ndiyo sababu wengi waliotoka kizuizini waliishia kufanya vibarua katika mashamba ya wale waliokuwa Homugadi.

Katika mambo ya siasa pia kulikuwa na mwiko. Chama cha K.A.U. kilipigwa marufuku mwezi Juni 1953. Mwaka 1955 Serikali iliruhusu vyama vya wilaya sehemu nyingine za Kenya, lakini Jimbo la Kati, ambamo Meru na Embu zilikuwamo, halikupewa ruhusa hiyo. Mkutano wa watu wachache waliotoka kambi moja, hata kama ni wa kuchangiana ada ya shule, uliweza kutiliwa shaka. Na shaka hiyo ilikuwa na kisa. Katika wilaya za Kikuyu hasa, baadhi ya walioachiliwa waliunda chama cha siri kilichoitwa Kiama kia Muingi. Serikali ilikipiga marufuku Januari 1958, na watu wengi waliokuwa wameonja nyumba zao kwa miezi michache wakajikuta tena nyuma ya seng'enge.

CHETI CHA UTIIFU

Kulikuwa na karatasi moja iliyoweza kuondoa sehemu kubwa ya masharti hayo, nayo ni cheti cha utiifu. Aliyekuwa nacho alisafiri kwa urahisi zaidi na kupata upendeleo katika leseni za biashara. Zaidi ya yote, alipiga kura. Waafrika walipochagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, Machi 1957, mtu wa Kikuyu, Embu au Meru hakuandikishwa bila cheti hicho. Wazuiliwa na walioachiliwa karibuni waliachwa nje.

Matokeo yake yaliwashangaza hata walioweka kanuni. Vyeti vilikuwa vimetolewa kwa wingi katika Meru kuliko wilaya za Kikuyu, hivyo wapiga kura wengi wa Jimbo la Kati wakawa Wameru. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza hilo mwaka 1944, alishindwa. Aliyeshinda kiti cha Jimbo la Kati alikuwa Bernard Mate, mwalimu wa Meru. Mate hakulaumika kwa kushinda. Aliingia Barazani na kuungana na wajumbe wenzake kudai viti zaidi vya Waafrika na mwisho wa Hali ya Hatari. Lakini ni vema kukumbuka ya kuwa nusu ya jimbo ilitazama uchaguzi ule kwa mbali, na kwamba sanduku la kura lilipimwa kwanza kwa mizani ya chifu.

WAVULANA WA WAMUMU

Mahali pamoja mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Wamumu, katika Mwea hiyo hiyo, palifunguliwa mwaka 1955 kambi ya vijana waliotolewa Manyani, chini ya Geoffrey Griffin. Hawakutumwa kuchimba tu. Walifundishwa kusoma, useremala, ushoni na michezo. Maofisa waliowasimamia walijishughulisha kujua kijana atakwenda wapi akitoka, kama ni kwa wazazi, kwa chifu aliyekubali, au kwa mwajiri. Waajiri wengi wakawataka. Mwaka 1959 Griffin, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walianzisha kituo cha wavulana cha Starehe mjini Nairobi, ambacho kimekuwa shule yenye sifa.

Si kwamba Wamumu haikuwa na ukali. Ilikuwa kambi, na vijana hawakuja kwa hiari. Bali ilionyesha kwamba mtu akipewa ufundi na mahali pa kwenda, haja ya kumlinda usiku na mchana hupungua. Jambo hilo lingeweza kufanyiwa baba zao pia, nalo halikufanywa.

SHAMBA

Hasara ya pasi ilikwisha pasi zilipoondolewa. Hasara ya kura ilikwisha vilevile. Jackson Angaine wa Meru, ambaye naye alikuwa amezuiliwa, alipata kuwa Waziri wa Ardhi na Makazi katika Serikali ya kwanza ya Kenya huru. Lakini kuna hasara moja ambayo mwaka 1960 haukuifuta, nayo ni ya ardhi.

Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulitaka vipande vya mashamba vilivyotawanyika vikusanywe, kila mwenye mali apate shamba moja lenye mipaka na hati. Kwa kilimo ulikuwa mpango wa maana. Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa katika miaka ya 1930, na kahawa haipendi shamba la vipande. Ila kazi hiyo ilisukumwa mbele katika Jimbo la Kati wakati maelfu ya wenye mashamba walikuwa makambini. Kamati za wazee zilisikiliza nani anadai nini. Asiyekuwapo alisemewa na ndugu, kama ndugu mwenyewe hakuwa na tamaa. Aliyerudi akiwa bado chini ya uangalizi aliweza kuketi mbele ya kamati, lakini waliokuwa kwenye viti ndio hao hao walioshika pasi yake. Ni nani angeinua sauti juu ya mpaka wa shamba, hali amri ya kumrudisha kambini iko mezani?

Mwaka 1957 ilitungwa sheria ya kusimamisha kesi za ardhi katika mahakama za Waafrika ili kazi isikwame. Mwaka 1959 ikafuata sheria ya kuandikisha ardhi, na ndani yake mlikuwa na kifungu kizito: jina lililoandikwa kwa mara ya kwanza katika daftari halikuweza kufutwa na mahakama, hata kama liliingia kwa udanganyifu. Kifungu hicho kilihamishiwa katika Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963. Katika Meru kazi ya kugawa na kuandika iliendelea miaka mingi baada ya Uhuru, kwa hiyo wengine walipata nafasi ya kudai. Mahali palipoandikwa mapema, mlango ulikuwa umefungwa.

Masharti mengine yalikwisha kwa hatua. Hali ya Hatari ilipoondolewa mwaka 1960, sheria maalumu ilitungwa ili wachache waendelee kuzuiliwa, na kwa amri za namna hiyo Jomo Kenyatta, ambaye kifungo chake kilikuwa kimekwisha Aprili 1959, alikaa Lodwar na Maralal hadi Agosti 1961. Marufuku ya Mau Mau, iliyowekwa mwaka 1950, haikuondolewa hata baada ya Uhuru. Wazee waliotoka makambini hawakuweza kuunda chama halali kwa jina hilo mpaka mwaka 2003. Tarehe 6 Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake Bungeni kwa mateso ya makambini, ikakubali kulipa Pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Malipo yale yalihusu mateso ya mwili, wala si pasi, kura wala mipaka ya shamba.

Kifungu kile cha daftari la kwanza kilidumu hadi mwaka 2012, Sheria ya Usajili wa Ardhi ilipotungwa na ile ya 1963 kufutwa. Kwa sheria hii mpya hati iliyopatikana kwa udanganyifu huweza kupingwa mahakamani, hata kama ni ya kwanza. Kijana wa miaka 20 aliyetoka Mwea mwaka 1957 alikuwa wakati huo ametimiza miaka 75.